Amekunywa kikombe cha Babu, ARV bado ziko kwenye begi: kisa cha Mama Neema

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa tatu 2011, mama mmoja wa Arusha mjini anayeishi na VVU, anameza ARV zake kila siku na afya yake imetulia, anapanda Land Cruiser na wenzake wa kanisani kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu, yule mchungaji mstaafu aliyekuwa anatoa kikombe cha dawa. Anakunywa kikombe, anarudi nyumbani. Kwenye begi kuna kopo la vidonge alilosafiri nalo. Usiku huo huo wa kurudi inabidi aamue anameza au hamezi, na karibu kila mtu anayemheshimu kiroho ameshamwonyesha, wengine kwa maneno wengine kwa macho tu, kwamba kumeza sasa hivi ni kukosa imani.

Nitamwita Mama Neema. Siyo jina lake, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili asitambulike. Wakati ule nilikuwa nahudumia wagonjwa majumbani, ile kazi ya kujitolea ya kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza mtu amekula nini, dawa anamezaje, kadi ya kliniki tarehe ngapi, na yeye alikuwa mmoja wa niliokuwa nawatembelea. Naandika kwasababu watu wakikumbuka Loliondo wanakumbuka foleni na helikopta na nauli zilivyopanda, wanabishana kama mzee alikuwa wa Mungu au tapeli, basi, mjadala unaishia hapo. Kwa mtu kama Mama Neema hilo siyo lililokuwa swali. Swali lake lilikuwa gumu zaidi na linaendelea kuwakuta watu hadi leo kwa maji, mafuta, mfungo, ndoa, hela, kila kitu: wale wanaokuongoza kiroho, tena watu wema kabisa, wanasema hivi, na ndani yako kuna kitu kinasema hapana. Unafanyaje?

Kwa waliokuwa wadogo 2011, kidogo tu. Babu ni Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, alikuwa anaishi Samunge, Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kama kilomita 400 kutoka Arusha mjini na njia yenyewe ni vumbi na mawe. Alisema Mungu alimwonyesha ndotoni dawa ya magonjwa sugu, UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na mengine. Dawa ni mizizi ya mti wa mugariga inachemshwa, Wamasai wanauita olamuriaki na walikuwa wanautumia siku zote. Masharti yake yalikuwa rahisi, kikombe kimoja tu, shilingi 500, unywe hapo hapo Samunge na kitoke mkononi kwake, ukibeba kwenda nacho kwingine hakifanyi kazi. Ilipofika mwezi wa tatu 2011 msululu wa magari ulikuwa wa kilomita na kilomita, watu wanatoka Tanzania nzima na Kenya, wagonjwa wametolewa vitandani hospitali wanapelekwa na ndugu zao, na kuna waliokufa njiani na kwenye foleni kabla hawajafika. Mpaka Babu mwenyewe akaomba watu wasije kwanza mpaka waliopo waishe. Wizara ya Afya ilijaribu kusimamisha, kelele zikawa kubwa, ikalegeza. Mawaziri na wabunge wakaonekana wakinywa. Askofu Thomas Laizer wa Dayosisi ya Kaskazini Kati, ambaye kwa Walutheri wa Arusha alikuwa ni baba, akasimama hadharani kumuunga mkono.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya huyu mama. Ni Mlutheri wa kuzaliwa. Askofu wake amekubali. Wakubwa wa serikali wamekunywa. Kina mama wa kikundi chake cha maombi, wale waliokuwa wanamletea uji alipokuwa hawezi kusimama, wanasema twende. Kumwambia mtu wa namna hiyo "tumia akili yako" ni kutomwelewa kabisa, maana akili yake ndo hiyo hiyo inayomwambia kwamba hawa watu hawajawahi kumdanganya.

Na hapa ndo naona Loliondo ni kisa kigumu kuliko visa vingi vya hawa manabii wa mjini. Tunafundishana vipimo: angalia kama anataka hela, angalia anaishije, angalia kama anajitukuza, angalia kama anawatenga watu na ndugu zao. Vipimo vizuri, mimi mwenyewe navitumia. Ila mzee Mwasapila alivipita vyote! Shilingi 500, nyumba ya kawaida, mtu mpole, hana walinzi, hana suti, hajigambi, anasema mimi siyo mponyaji ni Mungu. Na watu wakafanya hesabu ambayo sote tungeifanya, kwamba mtu huyu ni mkweli, kwahiyo anachosema ni kweli. Hizo ni hatua mbili na ya pili haitoki kwenye ya kwanza. Mtu anaweza kuwa ameota kweli, anasimulia ndoto yake kwa unyofu wote bila hata senti ya uongo, na virusi vikabaki vilevile kwenye damu. Unyofu wake unakwambia juu ya moyo wake, haukwambii chochote juu ya CD4 zako, zile chembe za kinga mwilini. Mzee alifariki 2021, na mpaka leo hakuna hata mtu mmoja ambaye imethibitishwa kitaalamu kwamba alipona UKIMWI kwa kile kikombe.

Kuna kitu kingine kilichochanganya watu na nadhani hakijasemwa vya kutosha. Wataalamu wa serikali walipoichunguza dawa wakaja na majibu ya awali kwamba haina madhara kwa binadamu. Mtaani hayo majibu yalivyopokelewa, mimi nilikuwepo nasikia, watu walisema serikali imethibitisha. Imethibitisha nini? Kwamba ukinywa hutakufa kwa sumu. Lakini mgonjwa anayesubiri habari njema akisikia "haina madhara" kutoka redioni, na jana yake amesikia "inaponya" kutoka madhabahuni, anaziunganisha zinakuwa habari moja. Alafu madhara yenyewe hayakuwa ndani ya kikombe, yalikuwa kwenye kile ambacho mtu ataacha kufanya baada ya kikombe. Hilo maabara ya mizizi haiwezi kulipima.

Turudi kwa Mama Neema. Kule Samunge ilivyokuwa, aliniambia, ni kwamba walikaa kwenye gari foleni mpaka miguu ikavimba, zamu yao ilipofika vikombe vikapitishwa, mnakunywa, gari linasogea, basi. Hakuna aliyemuuliza unaumwa nini, umeanza dawa lini, unatumia dawa gani. Hii naomba ushike maana nitairudia.

Kwa Babu hakuna aliyemwambia aache ARV. Shinikizo lilianza kwenye gari wakati wa kurudi, na lilitoka kwa watu wanaompenda. Mmoja wa kina mama, kiongozi wa maombi, akasema kwa upole kabisa kwamba ukishakunywa kikombe alafu ukameza tena vidonge ni kama unamwambia Mungu sijakuamini, unajifungia baraka yako mwenyewe. Wengine wakaitikia. Mwingine ambaye naye alikuwa anameza akasema yeye kopo lake ameliacha huko huko. Gari zima likapiga vigelegele. Na Mama Neema akanyamaza.

Nilipomtembelea aliniambia yaliyokuwa ndani yake wakati ule, na namshukuru kwa sababu watu wengi husema "moyo uligoma" basi, yeye alieleza vizuri. Alisema kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kinataka sana iwe kweli, kinataka kweli kweli, kinajiona tayari bila kadi, bila kujificha kwenda kliniki, na tena kilikuwa kinaongea kwa sauti kubwa. Cha pili kilikuwa kidogo na hakikuwa na maneno ya kiroho hata kidogo: alikumbuka 2008. Mwaka huo alienda msibani kijijini, akakaa kuliko alivyopanga, dawa zikaisha, akaona aibu kuulizia kituo cha jirani, akakaa bila kumeza. Wiki za kwanza alijisikia vizuri kuliko alivyokuwa anameza. Alafu baada ya miezi akaletwa Arusha amebebwa.

Ukitaka kujua kwanini wiki za kwanza alijisikia vizuri, ni hivi. Dawa alizokuwa anatumia kipindi kile, kama wengi, zilikuwa na stavudine ndani yake, ile iliyokuwa inaleta ganzi na miguu kuwaka moto na mashavu kubonyea. Shirika la Afya Duniani lilishashauri 2009 iondolewe taratibu lakini 2011 bado watu wengi walikuwa nayo. Ukiacha dawa ya namna hiyo, baadhi ya yale maudhi yanaweza kuanza kupungua, chakula kinapanda, unalala. Huku nyuma virusi vinarudi kuzaliana ndani ya wiki chache tu, ila kinga inachukua miezi kushuka mpaka uanze kuugua. Kwahiyo kuna kipindi katikati hapo ambacho mtu aliyeacha dawa anajisikia mzima kuliko jirani yake anayemeza. Na kipindi hicho ndo watu walikuwa wanasimama kanisani kutoa ushuhuda! Hawakuwa waongo. Walikuwa wanasema wanachokisikia mwilini. Mambo haya yalishapimwa kabla, ule utafiti mkubwa uliojulikana kama SMART, watu 5,472 kwenye nchi 33, kundi moja linameza bila kukatisha, lingine linaacha na kurudia kufuatana na CD4, ulisimamishwa 2006 kabla ya muda maana waliokuwa wanakatisha waliugua na kufa zaidi.

Kwahiyo ukiniambia "sikiliza sauti ya ndani" nakuuliza ipi. Ile ya matumaini nayo ni ya ndani, na mwili uliopumzika maudhi ya dawa nao unasema kutoka ndani. Kama Mama Neema angeifuata ile yenye sauti kubwa na yenye furaha, iliyofanana sana na imani, angeacha dawa. Kilichomwokoa ni kumbukumbu. Alikuwa na kitu anachokijua juu ya mwili wake mwenyewe, alikilipia kwa kubebwa mgongoni, na hakuna mtu kwenye lile gari aliyekuwa nacho, wala kiongozi wa maombi, wala Babu, wala askofu. Mimi nikisema hukumu ya ndani ya mtu inastahili heshima mbele ya viongozi wa dini, namaanisha hiyo. Hisia peke yake siipi uzito huo.

Kuna sura kwenye Biblia ambayo nilimsomea siku ile na bado naona haijahubiriwa inavyopaswa, 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu anatoka Yuda anakwenda Betheli kumkemea mfalme Yeroboamu. Ameambiwa na Mungu asile chakula huko, asinywe maji, asirudi kwa njia aliyojia. Mfalme anamwalika nyumbani na kumwahidi zawadi, anakataa bila shida, hata ukinipa nusu ya nyumba yako siji. Alafu akiwa njiani amepumzika chini ya mti anakuja nabii mzee wa Betheli, anamwambia na mimi ni nabii kama wewe, malaika amesema na mimi kwa neno la Bwana nikurudishe nyumbani kwangu ule. Na maandiko yanasema wazi kabisa, alimdanganya. Yule akarudi, akala, na wakati wa kuondoka simba akamkuta njiani akamuua.

Angalia alivyoanguka. Mfalme hakumweza. Aliyemmaliza ni mzee mwenzake wa kazi, mwenye mvi, anayesema lugha yake ileile ya malaika na neno la Bwana. Mama Neema asingeyumbishwa na mganga wa kienyeji hata dakika moja, alishakataa hirizi za upande wa mume wake bila kuogopa mtu. Kina mama wa maombi ndo walimyumbisha. Mtu anayekupinga unamwendea ukiwa umejiandaa, wa kwenu anakukuta umepumzika chini ya mti. Na kitu kingine, yule mtu wa Mungu hakuuliza hata swali moja. Angeweza kusema baba, mimi niliambiwa hivi, wewe umeambiwa kinyume, tusubiri kwanza, kama ni kweli nitaambiwa na mimi. Hakusema. Alifuta alichokuwa anakijua kwasababu ya cheo cha anayeongea.

Najua jibu la wachungaji wengi hapa maana limeshatolewa mbele yangu mara nyingi: Yeremia 17:9, moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote, kwahiyo usiuamini moyo wako nyenyekea kwa viongozi. Mstari ni wa kweli na naukubali wote. Lakini haukuandikwa kwa ajili ya mioyo ya waumini wa kawaida peke yao. Moyo wa mchungaji umo humo, wa askofu umo, na wa mzee aliyeota ndoto Samunge umo. Kama mioyo yote inaweza kudanganya basi suluhisho haliwezi kuwa kuhama kutoka moyo wangu kwenda moyo wako, inabidi tuwe na kitu cha nje cha kupimia sote wawili. Na hata Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunampenda kwa alivyosimama Worms 1521 mbele ya mfalme mkuu akagoma kukana vitabu vyake, hakusema nafuata ninavyojisikia. Alisema dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu, mnionyeshe kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi nilipokosea. Aliwaambia wakubwa wa dini hapana, ila akaweka mezani kitu ambacho yeye na wao wote wangeweza kukisoma.

Kwa Mama Neema kile kitu cha mezani kilikuwepo. Kilikuwa CTC, kliniki yake ya VVU, kwenye kadi yake. Na Yesu mwenyewe ameacha mfano ambao sijui kwanini haukusikika sana mwaka ule: wale wenye ukoma kumi, Luka 17, wanalia uturehemu, naye hawaambii mmepona nendeni mkafurahi, anawaambia nendeni mkajionyeshe kwa makuhani. Kwa sheria ya Musa kuhani ndo aliyekuwa na kazi ya kumkagua mwenye ukoma na kutamka kama ni safi au siyo, imeandikwa kwa urefu kwenye Walawi. Yesu ndiye anayeponya na bado anapeleka mtu kwa mkaguzi. Anayeponya ni mmoja, anayethibitisha ni mwingine, na aliyeponya haoni kama ni dharau. Kama kikombe kimeponya, kipimo kitaonyesha, na kabla kipimo hakijaonyesha unaendelea na dozi. Hapo imani imepungua wapi?

Jirani yake Mama Neema ni Muislamu, wanachota maji bomba moja, naye ndugu zake walienda Samunge maana foleni ile haikuwa ya dini moja. Huyo jirani alimwambia kitu alichofundishwa madrasa, hadithi ya Wabisa, mmoja wa maswahaba, Mtume alipomwambia uulize moyo wako, wema ni kile ambacho nafsi na moyo vinatulia nacho, na dhambi ni kile kinachokwaruza ndani ya nafsi na kusitasita kifuani, hata kama watu wamekupa fatwa na kukupa fatwa. Mama Neema aliipenda sana akawa anairudia. Mimi nikamwongezea tu kwamba masheikh wanaoifafanua wanasema wazi aliyeambiwa vile ni Wabisa, mtu ambaye moyo wake ulikuwa umeshanyooshwa na elimu na uchaji, wala siyo ruhusa kwa kila mtu kujipa fatwa anavyopenda. Yaani hata pale moyo unaoulizwa ni ule uliokwisha kujifunza kitu.

Sasa alifanya nini. Usiku wa kurudi alimeza. Aliniambia alimeza bila amani yoyote, huku analia, anamuomba Mungu msamaha kama ni dhambi. Hili naliandika makusudi kwasababu kuna watu wanafundisha kwamba uamuzi sahihi utaujua kwa amani moyoni. Siyo kila mara. Mtu aliyelelewa kuwatii viongozi akiwakatalia kwa mara ya kwanza atasikia vibaya hata kama yuko sahihi kabisa, na mwenzake aliyeacha kopo Samunge alilala usingizi mtamu.

Wiki iliyofuata kanisani wakaitwa waliotoka kwa Babu wasimame watoe ushuhuda. Kwangu hapo palikuwa pazito kuliko hata vidonge, maana kumeza unaweza kumeza kwa siri, wengi walifanya hivyo, mbele za watu amepona na chumbani anameza, na ile siri ikawaua wengine, waliosikia ushuhuda wao wakaacha dawa. Mama Neema akasimama akasema: nimekunywa kikombe, namshukuru Mungu amenifikisha na kunirudisha salama, vipimo bado sijapima, nikipima nitawaambia. Akakaa. Hakuna vigelegele. Baada ya ibada mchungaji wake, siyo mtu mbaya, akamuuliza pembeni kwahiyo mama wewe hukuamini? Akamjibu, niliamini ndo maana nikanywa, ila kuhusu vidonge Babu hakuniuliza na mimi sikumuuliza.

Hilo jibu nimelifikiria sana. Kumbuka nilivyosema kwamba kule hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Babu alimpa kikombe, akapokea kikombe. Habari ya kuacha ARV haikuwa sehemu ya alichokwenda kukipokea, iliongezwa na watu wa kwenye gari kwa heshima ya Babu. Inatokea hivi mara nyingi kuliko tunavyokubali: kiongozi anasema neno moja, wafuasi wanaliongezea mbili, na muumini wa mwisho anadhani yote matatu yametoka kwa kiongozi na nyuma yake kwa Mungu. Ukikaa ukatenganisha nani hasa alisema nini, na huyo aliyesema anajua nini juu yako wewe, mzigo unapungua sana. Askofu alimuunga mkono mzee. Serikali ikasema haitakuua. Ile "acha dawa" ilisemwa na mama mmoja kwenye kiti cha nyuma.

Kipimo cha CD4 alikuja kukifanya kwa tarehe ya kliniki, hakuna kilichobadilika, imesimama pale pale ilipokuwa kabla ya safari, na kadi bado inasema anaishi na virusi. Akamwomba yule kiongozi wa maombi, yule yule wa kwenye gari, amsindikize CTC mara inayofuata akae naye kwenye benchi. Akakubali. Walirudi pamoja kimya, ila baadaye kiongozi huyo ndo aliyempeleka yule aliyeacha kopo Samunge akafunguliwe faili upya, amekonda, na ikabidi abadilishiwe dawa. Huyo alirudi kwenye nguvu zake. Kuna wengine wa mitaa ile hawakurudi kwa wakati.

Swali ambalo bado linanisumbua ni la wale ambao hawakuwa na 2008 yao. Mtu aliyepima mwezi wa kwanza, ameanza dawa mwezi wa pili, dawa zinamtesa, hajawahi kuugua kabisa, mwezi wa tatu kanisa zima linaenda Samunge. Huyo ndani yake hana kumbukumbu ya kumwongoza, ana woga na matumaini tu, na kumwambia ajisikilize ni kumwacha peke yake. Kwa huyo nafikiri cha kufanya ni kukaa na mtu wa aina ya Mama Neema kabla ya kuamua, mtu wa imani ile ile aliyepita njia ile ile na hana cha kupata kwa kukudanganya, na kusogeza uamuzi mbele mpaka kipimo. Kunywa kikombe kama moyo unataka, shilingi 500 siyo kitu, vumbi utaoga. Ila kopo lisiachwe huko. Na kiongozi yeyote wa dini, awe mpole kiasi gani, anayekwambia uharakishe kitu ambacho hakiwezi kurudishwa, kabla hujauliza, kabla hujapima, huyo hata kama ninampenda na amenibatizia watoto, kwa hilo jambo moja simfuati.